Tuliza mwili kwanza ndio ujisikilize: vile hivi vitu viwili vinafanya kazi kwenye vikao vyetu vya kwia

Siku hizi huwezi kaa kwenye kikao cha watu kwia, yaani mashoga, wasagaji, transi na wenzao, Nairobi ama Mombasa dakika kumi kabla mtu hajasema graundingi, na kumi zingine kabla mwingine hajasema tujipe empathi, na ukiangalia nyuso unaona nusu ya watu wanaitikia kwa kichwa tu juu kila mtu anaitikia. Wengine wanadhani ni yoga. Wengine wanadhani ni kule kujionea huruma, kukaa kona ukilia ole wangu. Na kuna wale wanasema wazi hizi ni stori za wazungu wenye bima. Mimi naona hapa kuna vitu viwili tofauti ambavyo vinapikwa sufuria moja, kimoja, graundingi, ni cha mwili, yaani kuutuliza, na kingine, kujipa empathi, ni cha maneno, yaani kujisikiliza kwa upole, na ukianza na cha pili kabla ya cha kwanza unaweza muumiza mtu kabisa akaenda nyumbani akiwa mbaya kuliko alivyokuja.

Tuchukue mfano, wa kutunga lakini wengi mtaujua. Kijana wa miaka 24, anakaa Kayole, familia iko Kakamega, nyumbani wanajua-hawajui, ile haizungumzwi. Jumapili asubuhi kwenye grupu ya WhatsApp ya familia mjomba anatuma video ya mhubiri akilaani mashoga, na mama anajibu na emoji tatu za mikono ya maombi halafu anaandika Mungu atulindie watoto wetu. Basi, ni hivyo tu. Hakuna mtu ametajwa. Lakini kifua kimembana, vidole vimekuwa baridi, ile sentensi ya mama anaisoma mara kumi akitafuta kama ni yeye anaambiwa, na saa nane anaingia kwenye kikao akiwa amependeza, anacheka na kila mtu, ukimuuliza anakwambia niko poa.

Kwa nini mwili umefanya hivyo na hakuna aliyemgusa? Kuna sehemu ndogo ya ubongo inaitwa amigdala, kazi yake kubwa ni kuangalia hatari, na haingoji ushahidi. Ikishtuka adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, damu inapungua kwenye ngozi na vidole inaenda kwa misuli mikubwa, na ile sehemu ya mbele ya ubongo ya kupanga na kupima mambo inafifia kidogo. Mwili unajiandaa kukimbia ama kupigana. Sasa utakimbia wapi kutoka kwa grupu ya familia, hata ukijitoa maadmini wanaarifiwa na wengine wanaweza kukuona kwenye orodha ya waliotoka, na hiyo yenyewe ni kama kujitangaza.

Halafu huo mshtuko haukuanza Jumapili hiyo. Mtafiti mmoja anaitwa Ilan Meyer aliandika mwaka 1995 kuhusu wanaume mashoga wa New York, akaja akapanua hoja yake 2003, kwamba watu wa makundi yanayobaguliwa wanabeba msongo wa ziada juu ya ule wa kawaida wa kodi na kazi na mapenzi. Akaupanga kutoka nje kuingia ndani: kuna matukio yenyewe, kupigwa, kufukuzwa, kutukanwa, kuna kule kuishi ukitarajia kukataliwa hata siku ambayo hakuna aliyekukataa, kuna kazi ya kujificha, ambayo ni kazi kweli, kubadilisha majina ya watu kwa simu, kukumbuka ni uongo gani ulimwambia nani, na kuna chuki ya nje ambayo imeingia ndani ikajifunza kuongea kwa sauti yako. Huyu kijana wa Kayole amepata tatu za mwisho kwa meseji moja. Lakini kwenye mpango wake Meyer aliweka pia kitu kinachopunguza makali, na hicho ni kuwa na watu wa jamii yako. Ndio maana hii mada ni ya kikao na sio ya mtu peke yake chumbani na aplikesheni ya kupumua.

Graundingi: usiudanganye mwili

Graundingi ni kuirudisha akili mahali mwili ulipo. Akili iko kwa grupu ya familia, iko kwa yale mama anaweza sema Krismasi, mwili uko kwa kiti cha plastiki. Unatumia macho, masikio, ngozi, kuuonyesha mfumo wa neva kwamba ile hatari akili inayoiwaza haiko hapa kwa hii dakika. Ile inayojulikana sana ni ya tano mpaka moja: taja vitu vitano unaviona, vinne unaweza vigusa, vitatu unavisikia, viwili unavinusa, kimoja unaonja. Ni ya kawaida lakini inafanya kazi, juu akili haiwezi hesabu rangi za leso ukutani na wakati huo huo iandike hotuba ya kujitetea mbele ya mjomba. Kuna kukanyaga sakafu kwa nguvu, kushika kikombe cha chai moto kwa mikono miwili, kuosha uso na maji baridi ambayo yanafanya mapigo ya moyo yapungue. Na kuna pumzi: ukivuta moyo unaongeza mwendo kidogo, ukitoa unapunguza, kupitia neva inaitwa vagasi, kwa hivyo ujanja ni kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa sita ama saba, polepole kama mtu anayepoza uji.

Sasa hapa ndio mimi nabishana na miongozo mingi ya nje. Inakwambia ujiambie niko salama. Kwa mtu wa Oslo sawa. Kwa mtu wa hapa Kenya, ambapo kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu bado kinasema miaka 14 jela kwa kile kinachokiita ngono kinyume na maumbile na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, ambapo hata Mahakama ya Juu iliposema Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, kwamba NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lina haki ya kusajiliwa, kilichofuata barabarani ni maandamano ya kupinga, ukimwambia mtu sema niko salama mwili wake unajua huo ni uongo. Na ukishaudanganya mara moja haukuamini tena. Kwa rafiki zetu waliokuja kutoka Uganda baada ya Museveni kutia saini ile sheria ya kupinga ushoga ya Mei 2023, hiyo sentensi ni karibu matusi.

Kinachosaidia ni ukweli mdogo wenye mipaka. Saa hii ni saa nane na nusu. Niko kwenye chumba hiki. Mlango umefungwa na aliye mlangoni tunamjua. Humu ndani hakuna mtu ninamficha kitu. Mpaka saa kumi na moja hakuna mahali ninahitajika. Hizi ni sentensi ambazo mwili unaweza kwenda kuzihakikisha wenyewe, macho yakaangalia mlango, masikio yakasikia ile sauti ya fulani jikoni, na hapo ndio mabega yanashuka. Hakuna mtu amesema dunia ni salama, tumesema masaa mawili na nusu na kuta nne.

Hii pia inamaanisha anayeandaa kikao ana kazi kabla watu hawajafika, juu ukweli huo lazima uwe kweli. Nani anashika mlango. Jirani anajua hapa kunafanyika nini, ama anadhani ni chama cha akiba. Mwenye nyumba je. Kwa Uganda sheria ya 2023 iliwalenga mpaka wenye nyumba na wanaokodisha sehemu, na ilitaka watu waripoti, vipengele ambavyo Mahakama ya Katiba kule ilivifuta Aprili 2024 ingawa ikaacha sehemu kubwa ya sheria isimame, kwa hivyo uoga wa kukusanyika mahali una historia yake. Na picha hakuna, hata ya chakula, hata ya viatu mlangoni. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lililojiita Rolling Stone lilichapisha majina na picha za watu ikisema ni mashoga, na siku hizi hauhitaji hata gazeti, stetasi ya mtu mmoja inatosha. Mtu akiona simu imeinuliwa hata kama ni selfi, graundingi yote imeisha hapo.

Kuna vitu vingine vidogo ambavyo mwezeshaji mgeni hawezi vijua. Usiambie watu wafunge macho. Humu ndani kuna watu waliopelekwa kuombewa, wakaambiwa wafunge macho, wakawekewa mikono kichwani, wakasukumwa, pepo likakemewa masaa matatu, na wewe sasa kwa sauti yako laini unasema fumbeni macho vuteni pumzi, unashangaa mbona yule ametoka nje ghafla. Waambie waangalie sakafu, ama popote. Usimguse mtu bila kumuuliza, hata mgongo, hata kama analia, hasa kama analia. Usianze na kifua na pumzi kwa kila mtu: kuna ndugu zetu transi, waliopewa jinsia isiyo yao walipozaliwa, wamevaa vazi la kubana kifua na hawawezi vuta pumzi ndefu, na hata wangeweza, kuambiwa sikia kifua chako ni kupelekwa mahali ambapo hawataki kwenda. Miguu na mikono ndio salama zaidi kuanzia. Na harufu nayo, kuna mtu wa Lamu ama Mombasa ambaye ukichoma udi anarudi kwa bibi yake anatulia kabisa, na kuna mwingine udi huo huo unamrudisha kwa ile nyumba aliyofukuzwa usiku. Uliza kwanza.

Na ni vizuri mtu ajue anaweza tumia chake. Kuna watu wanaotulizwa na nyimbo za kanisa, pamoja na yote kanisa limewafanyia, kuna mwenye tasbihi mfukoni, acha wawe nazo. Sioni kwa nini mtu avuliwe dini mlangoni ili ahesabiwe kuwa amepona.

Sasa maneno

Mwili ukishashuka, hata kidogo tu, ndio maneno yanaweza kuja. Kujipa empathi kama vikao vingi vinavyoifundisha imetoka kwa Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa 1934 akafariki 2015, mtu wa mawasiliano yasiyo na vurugu. Alikulia Detroit, akiwa mtoto familia yake ilipita kwenye machafuko ya ubaguzi wa rangi ya 1943 pale mjini, na shuleni alipigwa kwa sababu ya kuwa Myahudi, kwa hivyo ile njia yake haikutengenezwa na mtu ambaye hajui kuchukiwa ni nini. Akifundisha alikuwa anatumia vikaragosi, mbweha kwa ile lugha ya kuhukumu na twiga kwa lugha ya moyo, eti juu twiga ana moyo mkubwa. Twiga wetu wa Tsavo amefika mpaka kwa warsha za ukumbini Uswisi na hatujalipwa chochote.

Yeye alipendekeza hatua nne, na unaweza zielekeza kwa mwingine ama kwako mwenyewe. Ya kwanza ni kutazama kilichotokea bila kukitafsiri. Kijana wetu akianza anasema mama amenikana mbele ya ukoo. Pole, lakini rudi nyuma kidogo, kamera ingeona nini? Mjomba ametuma video. Mama ameweka emoji tatu na ameandika sentensi moja. Hiyo tu. Hatumwambii kwamba haikuuma, tunatenganisha kilichoingia kwa simu na kile akili imeongezea, juu mara nyingi kile kilichoongezwa ndicho kina meno.

Ya pili ni hisia, na hapa watu wengi wanakwama. Ukimuuliza mtu unahisi nini anakwambia nahisi nimetupwa, nahisi sithaminiwi, nahisi wananichezea. Rosenberg alisema hizo ni hukumu kuhusu alichofanya mwingine zimevaa nguo za hisia. Chini yake kuna nini? Huzuni. Hofu. Aibu. Uchungu wa kumkosa mama akiwa bado yuko hai. Mara nyingine ni hasira safi kabisa na hakuna ubaya. Kuna utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake wa UCLA wa mwaka 2007 ambapo watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali wakiwa ndani ya mashine ya kupima ubongo, na walipoipa hisia jina, amigdala ilipunguza kelele. Kwa hivyo kutaja tu ni kazi tayari. Na waache watu wataje kwa lugha inayowatoka, kwenye vikao vya Nairobi una Mkongo, Mrundi, Mganda na mtu wa Kisumu meza moja, mtu akitaka kusema huzuni yake kwa Kijaluo ama Kiganda aseme, hata msipomwelewa neno kwa neno.

Ya tatu ni hitaji. Hisia inaashiria kitu unachohitaji na hakipo ama kipo. Kijana anahitaji nini? Kukubalika. Kuwa wa nyumbani. Kupumzika kutoka kwa kujificha. Haya ni mahitaji ya binadamu yeyote, hakuna la kwia hapo, na nimeona mtu akifika hapa ndio machozi yanatoka, juu kwa miaka alidhani shida yake ni yeye alivyo, kumbe alikuwa anataka tu kitu ambacho dada zake wanakipata bure kila Krismasi.

Hapa kuna mtego lazima niuseme. Watoto wa kwetu tumefundishwa kuelewa kila mtu kabla ya kujielewa. Hajamaliza kusema ninaumia tayari anasema lakini mama pia namuelewa, amelelewa hivyo, ana uoga wake, pasta ndio anamjaza. Ni kweli, na siku ya mama itafika. Lakini ukianza na mama umejiruka, na hiyo inaonekana kama ukomavu na kumbe ni tabia ile ile ya kujificha. Mwezeshaji mzuri anamrudisha bila kumkemea: mama tumemsikia, tutamrudia, wewe je?

Ya nne ni ombi, kwako mwenyewe ama kwa mtu, dogo, la leo, linalowezekana. Mama anikubali sio ombi, ni ndoto, na ni halali kuwa nayo. Ombi ni kama kunyamazisha ile grupu kwa wiki moja bila kujitoa, WhatsApp inaruhusu na hakuna anayeona. Ama kumwambia fulani hapa kikaoni, nipigie saa tatu usiku, hata tusiongee kitu.

Na tofauti yake na kujionea huruma iko hapo hapo kwa hatua ya tatu na ya nne. Kujionea huruma kunazunguka kwa yale nilifanyiwa na hakuondoki. Hii inatoka kwa tukio mpaka kwa hitaji halafu mpaka kwa kitu cha kufanya leo jioni. Wala sio kujitetea, mtu aliyemjibu mpenzi wake vibaya juu alikuwa na siku mbaya bado anatakiwa kuomba msamaha, ila anaomba akijua kilichomsukuma badala ya kujiita takataka.

Kwa nini mbele ya watu

Mtu anaweza uliza, si nifanye hii yote kwa kitanda changu? Unaweza. Lakini aibu ililetwa na watu, na inaondoka vizuri zaidi mbele ya watu. Kristin Neff, mwanasaikolojia ambaye amechunguza wema kwa nafsi tangu 2003, anasema una sehemu tatu: kujitendea kwa upole, kuona kilichopo bila kukikuza wala kukizika, na kujua kwamba kuteseka ni jambo la wanadamu wote, si wewe peke yako. Hiyo ya tatu ni ngumu sana kuipata peke yako saa nane usiku. Kwenye duara inakuja yenyewe, kijana anasema ile ya emoji na anaona watu watano wametikisa kichwa kabla hajamaliza.

Ila duara linaweza haribu pia. Kinachoharibu zaidi ni ushauri. Kwetu ushauri ni mapenzi, mtu akikuambia shida na usimpe suluhisho unaonekana hujali, kwa hivyo kabla sentensi haijaisha mmoja anasema hama kwenu, mwingine mwambie mama ukweli, mwingine mimi ningewablock wote. Na huyo aliyekuwa ameanza kusikia hofu yake sasa anajitetea kwa nini hajahama. Sheria inayosaidia ni rahisi: aliyeongea akimaliza, kimya kidogo, halafu mtu mmoja anarudia alichosikia, na ushauri hautoki mpaka auombe. Kitu cha pili kinachoharibu ni mashindano ya machungu, hiyo ni ndogo mimi nilifukuzwa na nguo za mwilini. Zote zinaumia, hakuna medali. Na kila mtu awe na haki ya kupita, kusema mimi leo nasikiliza tu, bila kuulizwa mbona.

Pia tuwe wakweli kuhusu tumbo. Mtu ambaye hajala tangu jana halafu unamwambia asikilize mwili wake, atasikia njaa, na yuko sahihi. Chai na chapati ziwe mwanzo, sio mwisho kama zawadi ya kuvumilia. Na nauli. Mahitaji mengine yatakayotajwa duara haliwezi kuyatimiza, vibali vya mkimbizi, kodi ya miezi miwili, dawa. Yataje tu kama yalivyo, andika ni nani anaweza pelekwa wapi, na usijaribu kuyatatua kwa pumzi.

Kuna mahali pia hii yote inafika kikomo. Mtu anayesema hataki kuishi, ama anayetoweka machoni na kurudi bila kujua dakika zimeenda wapi, ama anayeona tukio la zamani kama linatokea sasa, huyo anahitaji mtaalamu, na anayejua kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990, sio yule atakayeanza kumtibu ushoga. Kenya watu wamenyamaza na mawazo ya kujiua kwa miaka kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinapingana na Katiba, kwa hivyo hiyo hofu ya polisi tunaweza kuanza kuiondoa kwa mazungumzo yetu. Kikao kiwe na namba za washauri ambao mmeshawajaribu, kabla siku ya kuzihitaji.

Kufunga nako kuna utaratibu wake, na ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi juu watu wamechoka na saa imeenda. Nusu saa ya mwisho hakuna stori mpya nzito inafunguliwa, hata kama mtu ana moja nzuri. Mnarudi kwa miguu na mikono, mnaosha vikombe, mnaongea mpira ama bei ya unga. Watu wanatoka wawili wawili kwa kupishana, mtu akifika kwake anatuma meseji moja isiyo na maelezo, na aliyepewa kazi ya kuhesabu meseji haendi kulala mpaka zote ziingie. Kama kuna mmoja mikono bado inamtetemeka msimwachie bodaboda, mtu abaki naye, chai iongezwe, mada isiguswe tena, mpaka aanze mwenyewe kulalamika kwamba kesho ana kazi saa moja asubuhi.